Vita vilikwisha, mimi bado napigana!

Wiki hii naomba uniwie radhi. Nilikuahidi mambo ya vijana wanaooana bila kujuana tabia, lakini hayo nimeyaweka pembeni kwanza. Kuna jambo limenikaba kooni, na leo nalitoa.

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unatoka Mafia, anacheka. "Mafia? Kule kwa majambazi wa Italia?" Mimi nimezoea. Jina la kisiwa chetu linatisha, lakini watu wake ni wapole. Hapa Kilindoni unaweza kuacha baiskeli nje usiku ukaikuta asubuhi. Tunajulikana kwa nazi, kwa pweza na kwa potwe, yule samaki mkubwa kama jahazi ambaye wageni wanapanda ndege kuja kumtazama. Kwa vita hatujulikani.

Sasa ngoja nikusimulie vita niliyopigana mimi dada yenu. Vita ya kweli, na adui yangu alikaa hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu.

Baba yangu alihamishiwa Mafia kikazi, akitokea Songea. Mimi nimezaliwa hapahapa. Baba alipofariki, mama hakurudi bara. Alisema kaburi la mumewe liko hapa na maandazi yake yameshapata wateja hapa, aende wapi tena? Jirani yetu alikuwa mama mmoja mwenyeji, msuka mikeka. Jina lake nalihifadhi. Yeye Mwislamu, sisi Wakristo, lakini hilo halikuwa tatizo hata siku moja. Iddi tulikula kwake, Krismasi wanawe walikuja kwetu kula pilau. Mama alipokuwa na wateja wengi, mimi na wadogo zangu tulishinda kwa jirani tukimsaidia kuchambua miyaa. Miaka zaidi ya ishirini ilipita hivyo.

Basi bwana, kikaja kisa cha mnazi.

Mpakani palikuwa na mnazi wake mrefu, umeinama upande wetu. Mama alimwambia mara mbili tatu, "Jirani, huo mnazi utatuua." Jirani akajibu kwamba mnazi ule ulipandwa na marehemu baba yake, na mnazi haukatwi kama mgomba. Usiku mmoja wa kusi, upepo unavuma kama una ugomvi na mtu, tukasikia kishindo. Kole zima la nazi limetua juu ya bati, limetoboa, limeingia chumbani. Mvua nayo ikamalizia. Kiroba cha unga wa ngano, ambao ndio mtaji wa mama, kikageuka uji.

Asubuhi mama akaenda kudai bati mbili na kiroba. Jirani akasema upepo ni wa Mungu, sasa yeye alipe kwa kosa gani? Mama akapandisha sauti. Mwenzake naye akapandisha. Na katika kupandishiana huko, jirani akatoa neno moja ambalo mimi nililisikia vizuri sana kutoka dirishani.

"Kama mmechoka na minazi, rudini kwenu bara."

Mama alinyamaza. Miaka ishirini ya kula sahani moja, kumbe bado tulikuwa watu wa kuja? Mama aligeuka akarudi ndani bila kujibu. Kuanzia siku hiyo, vita ikaanza.

Nayo haikuanza kwa mapanga. Ilianza kwa kutosalimiana. Kisha sisi tukaanza kumwaga maji ya vyombo upande wake. Yeye akaweka miba kwenye njia tuliyokuwa tukipita kwenda kisimani. Kuku wetu akapotea, tukasema ni wao. Wao wakasema tumewatukana. Tukafika mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mzee wa watu alisikiliza saa mbili nzima, mwisho akauliza, "Hivi mnagombea nini hasa?" Jamani, hakuna aliyeweza kumjibu vizuri. Bati mbili? Kiroba cha unga? Kuku? Hatukujua tena. Tulijua tu kwamba wao walianza.

Wazee wa hapa wana kisa cha kale ambacho kila mtoto wa Mafia amewahi kukisikia. Hapo zamani palikuwa na miji miwili, Kisimani kwenye kisiwa kikubwa, na Kua kwenye kisiwa cha Juani. Inasimuliwa kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika wenzao wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini. Wageni walipofika, watoto wao wakakamatwa, wakalazwa mchangani, jahazi likapitishwa juu yao. Watu wa Kua hawakufanya fujo. Walirudi kwao kimya, wakangoja. Miaka ikapita. Wakajenga chumba chini ya ardhi, kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini. Wageni wakala, wakafurahi. Wenyeji wakawa wanatoka mmojammoja, polepole, mpaka akabaki mzee mmoja akiwazungumzisha. Mlango ukajengewa kwa nje.

Kiasi gani ni kweli na kiasi gani ni chumvi ya wasimulizi, si kazi yangu kuamua. Lakini nenda Juani ukaone mwenyewe. Kua ni magofu, kuta hazina mapaa, misikiti imebomoka, mizizi ya miti imeshika mawe. Mji huo ulikuja kuteketezwa na Wasakalava waliovuka bahari kutoka Madagaska katika karne ya 19. Na Kisimani nayo, bahari imeila. Aliyelipa na aliyelipwa wote wamekwisha, kimebaki kisa.

Nilipokuwa mdogo, kisa hicho kilinitisha kwa sababu ya jahazi. Siku hizi kinachonitisha ni ile miaka ya katikati. Watu wanaamka, wanavua, wanaswali, wanaozesha watoto, na muda wote huo ndani ya moyo wanajenga chumba cha chini. Mimi nakijua chumba hicho. Nami nilijenga cha kwangu.

Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya mnazi, mama akaanza kusumbuliwa na presha. Zahanati ikampeleka hospitali, hospitali ikashauri apelekwe Dar. Nikaenda gatini kufuatilia boti ya Nyamisati, nikarudi usiku. Alfajiri tukaondoka. Nakumbuka mama alilala juu ya mkeka mpya ndani ya boti. Sikuuliza ameutoa wapi. Nilidhani amenunua.

Wiki ya tatu mama akafariki. Tukamrudisha kwa boti ileile, tukamzika pembeni ya baba.

Jirani alikuja msibani. Alikuja kabla ya wote, alikaa mpaka mwisho, na nasema kweli, alilia kuliko ndugu zetu waliotoka Songea. Alichota maji, alikuna nazi, alipika. Mimi nilikuwa nikimtazama huku nikichemka ndani. Nilisema moyoni, mnafiki mkubwa, leo ndiyo unamjua mama? Siku ya pili akaniletea sahani ya wali wa nazi. Watu wamejaa uani. Akainama, akasema kwa upole, "Mwanangu, kula kidogo."

Nikaisukuma ile sahani. Nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Mimi sili nazi za mnazi ule."

Uwanja mzima ukawa kimya. Yule mama aliweka sahani chini taratibu, akajifunga kanga yake, akaondoka. Wapo walionisifu baadaye. Walisema, umempa dawa yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia mshindi.

Baada ya hapo, miezi minane sikumsalimia. Nikimwona kisimani, nageuza ndoo. Wanawe wakinipa shikamoo, naitikia kwa pua.

Lakini kanisani? Kanisani nilikuwa namba moja, msomaji wangu. Jumapili moja mchungaji akatangaza kwamba tuombee nchi zenye vita, akaniita mimi niongoze. Niliomba ukasema malaika ameshuka. Nilitaja Sudan, ambako majenerali wawili walianza kupigana Aprili 2023 na wananchi wakawa wakimbizi. Nilitaja Goma, iliyotekwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2025, na akina mama waliokimbia na magodoro kichwani. Nilitaja askari wetu 14 wa Kitanzania waliouawa Desemba 7, 2017 wakilinda amani mashariki ya Kongo. Nililia kwa kweli, sikuigiza. Watu wakaitikia amina mpaka bati likatetemeka.

Tulipotoka nje, bibi mmoja wa kanisani akanishika mkono. "Umeomba vizuri mno mjukuu wangu," akasema. "Halafu, jirani yako anaendeleaje? Amepata nafuu?"

Nikauliza, "Kwani anaumwa?"

Bibi akanitazama. "Wiki ya pili hii hajatoka ndani."

Nilibaki mdomo wazi. Hebu fikiria. Nilijua yanayotokea Goma, tena kwa tarehe. Yaliyotokea hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu sikuyajua.

Siku ile sikula mchana. Nilifungua Mathayo sura ya tano, pale Yesu anapomwambia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake mkononi, akakumbuka kwamba kuna mwenzake mwenye neno juu yake. Angalia anachoambiwa. Haambiwi amalize ibada kwanza. Anaambiwa aiache sadaka palepale, aende wakapatane, ndipo arudi kutoa. Mara ngapi nimesoma maneno yale! Siku zote nilidhani yanamhusu mtu aliyekosewa. Kumbe ukiyasoma vizuri, yanamhusu aliyekosea. Mwenye neno juu yangu alikuwa yule mama na sahani yake ya wali.

Jioni nikapiga hodi. Miguu ilikuwa mizito, utadhani naenda kupigwa sindano. Sauti ndogo ikaitika, "Karibu." Nikamkuta kitandani, amekonda, miguu imevimba.

"Shikamoo mama."

Alikaa kimya kidogo. "Marahaba mwanangu. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani, yote ikapotea. Nikasema tu, "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Ile siku ya msiba nilikosea."

Akasema yamekwisha. Kisha akaongeza, "Hata mimi lile neno la bara lilinitoka vibaya. Nilimwambia mama yako, naye akanisamehe."

Nikauliza, "Ulimwambia lini?"

Akanishangaa. "Mama yako hakukwambia? Alikuja hapa usiku ule wa kuamkia safari. Alikaa hapohapo ulipokaa wewe. Tulilia, tukacheka. Nikampa mkeka niliokuwa nimeumaliza siku hiyo, nikamwambia alalie kwenye boti, maana mbao zile zinaumiza mbavu. Alisema akirudi atawaita nyote watoto awaambie yamekwisha."

Msomaji wangu, nyumba ilizunguka. Ule mkeka! Ule ambao mama alilalia baharini, ambao nilirudi nao kutoka Dar, ambao kila usiku napigia magoti nikimwomba Mungu anipe haki yangu juu ya jirani. Kumbe mama alishafanya amani. Wenye vita walishapatana, na mimi niliyekuwa mpambe nikabaki mtaroni peke yangu, nikipiga risasi miezi minane.

Usiku ule nikakumbuka somo la historia sekondari. Mafia iliwahi kuingizwa kwenye vita kubwa ya Wazungu. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilizamisha meli ya Waingereza iitwayo Pegasus hapo Unguja Septemba 20, 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ng'ambo yetu tu. Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915 ili wapate kituo cha kuiwinda. Ndege zikawa zinaruka kutoka hapa kwenda kuitafuta, na Julai 11, 1915 ikaishia mle deltani. Wajerumani wakang'oa mizinga yake, wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mpaka leo.

Ugomvi ule haukuwa wa babu zetu, lakini waliokufa wengi walikuwa babu zetu, hasa wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi wakafa kwa njaa na maradhi. Hata jina la Kariakoo, pale Dar unaponunua viatu, limetokana na kikosi cha wapagazi hao.

Lakini jambo ambalo mwalimu alilisema kwa kupitia tu ndilo lililonirudia. Vita ile ilisimamishwa Ulaya Novemba 11, 1918. Kamanda wa Wajerumani huku kwetu, Paul von Lettow-Vorbeck, siku hiyo alikuwa bado yuko vitani Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Hakuwa na habari. Taarifa zilimfikia siku chache baadaye, na silaha alizisalimisha rasmi Novemba 25, huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi. Wakubwa wameshaweka sahihi, na huku mpagazi bado amebeba sanduku la risasi kichwani.

Mimi nilikuwa nani kama si mpagazi yule? Nimebeba mzigo wa vita iliyokwisha.

Na sisi Wakristo, ndugu zangu, tuko hivyo mara nyingi. Paulo aliwaandikia Waefeso, sura ya pili, kwamba Kristo mwenyewe ndiye amani yetu, na ule ukuta uliowatenga watu ameshaubomoa. Ameshaubomoa, maana yake kazi imekwisha kufanyika. Basi kinachobaki kwetu ni kuipeleka habari mpaka kwenye vichaka ambako watu bado wanaviziana. Na kichaka cha kwanza ni moyo wangu.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kila ugomvi utakwisha kwa hodi moja. Paulo huyohuyo, kwenye Warumi 12:18, anaweka kipimo. Anataka tuishi kwa amani na watu wote kadiri inavyowezekana kwa upande wetu. Upande wetu, msomaji. Upande wa pili si wako. Kuna mtu utampigia hodi na hatafungua. Kuna dada anapigwa na mumewe kila siku. Huyo asiambiwe arudi ndani avumilie kwa jina la amani, apelekwe kwanza mahali salama. Na mwenye haki yake aidai kwa utaratibu. Hata bati zetu zilikuwa haki ya mama.

Waraka kwa Waebrania nao, sura ya 12 aya ya 14, unataka amani na watu wote itafutwe kwa bidii. Hilo la bidii nilikuwa nalipita haraka. Nilidhani amani ni kukaa kimya tu, usitukane, usipige, basi. Miezi minane sikumtukana yule mama hata mara moja, na ilikuwa vita tupu.

Sasa mnazi. Najua unauliza mnazi uliishia wapi. Upo! Jirani alitaka kuukata, mimi nikakataa. Tumekubaliana hivi: kila baada ya miezi mitatu mkwezi anapanda, anaangua nazi zote kabla hazijakauka na kuanguka zenyewe. Hela ya mkwezi tunachanga nusu kwa nusu, na nazi tunagawana. Kusi ikikaribia, hatungoji, mkwezi anaitwa mapema. Nimeelewa kwamba bidii ndiyo hiyo. Kama ningesema tumeshapatana, basi yaishe, upepo wa kwanza ungetuletea kole lingine juu ya bati, na pengine neno lingine baya zaidi ya lile la kwanza.

Jirani yangu amepata nafuu, Mungu ni mwema. Miguu bado inamsumbua, kwa hiyo maji ya kisimani namchotea mimi. Njia ile ya miba tumeisafisha. Iddi iliyopita alinitumia sahani ya wali wa nazi. Nilikula yote, msomaji, nikakwangua na sahani. Nilikula huku machozi yananitoka, kwa sababu ya ile sahani ya kwanza iliyobaki chini uani, mbele ya watu.

Goma bado naiombea, na Sudan pia. Siachi. Lakini siku hizi, kabla sijaanza sala, nachungulia dirishani kwanza nione kama taa ya jirani inawaka.

Na wewe je? Yupo mtu ambaye mnachuniana mpaka sasa? Dada yako, shemeji, mpangaji mwenzako, yule mliyekuwa mkiimba naye kwaya? Hujui pengine vita vilishakwisha zamani, yeye alishasamehe, anangoja tu hodi yako. Nenda leo, gazeti utalimalizia kesho.

Mambo ya wachumba wasiojuana tabia, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.